Mawazo Yanayolazimisha na Huzuni Nzito: Mafundisho kwa Vijana na Wazazi Wao



Watu wakija hospitali hutuonyesha kidonda, au jipu, au mtoto mwenye homa. Mambo hayo yaonekana kwa macho, wala hakuna anayeona haya kuyasema. Lakini kuna ugonjwa ambao kijana aweza kuuchukua miaka mingi bila kumwambia baba wala mama. Huenda shuleni nao, huimba katika kwaya nao, hulala nao usiku. Huuficha kwa sababu anadhani kwamba yeye peke yake katika dunia nzima ana mawazo ya namna hiyo, na kwamba watu wakiyajua watamkimbia.

Katika somo hili tutafundisha juu ya magonjwa mawili yanayotembea pamoja mara nyingi. La kwanza ni ugonjwa wa mawazo yanayolazimisha. La pili ni huzuni nzito. Soma polepole. Kama wazazi wako hawajui kusoma, uwasomee.

Mawazo yanayolazimisha ni nini?

Kwanza jua neno hili: kila mtu hupatwa na mawazo mabaya asiyoyaalika. Mama anakata nyama kwa kisu, na ghafula wazo linapita: “Je, nikimchoma mtoto wangu?” Mtu anavuka daraja, na wazo linamwambia ajitupe majini. Mkristo ameinama katika maombi, na neno chafu juu ya Mungu linapita moyoni mwake. Mwaka wa 1978 wataalamu wawili wa Uingereza, Rachman na de Silva, waliwauliza watu wasio wagonjwa juu ya mambo haya. Wakaona kwamba wengi wao hupata mawazo yale yale wanayoyapata wagonjwa. Mtu asiye mgonjwa hushtuka kidogo, kisha huendelea na kazi yake. Wazo linapita kama mpita njia asiyebisha hodi.

Lakini kwa wengine wazo halipiti. Linarudi asubuhi, linarudi mchana, linarudi usiku. Mtu anaingiwa na hofu kubwa, na ili ajitulize anaanza kufanya tendo fulani. Analifanya mara nyingi, hata akichoka, hata akijua mwenyewe kwamba halina maana. Huo ndio ugonjwa. Katika vitabu vya waganga, jina lake kwa Kifaransa hufupishwa kwa herufi tatu, TOC. Kati ya watu 100, karibu 2 hupatwa nao katika maisha yao, na mara nyingi huanza utotoni au wakati wa ujana. Basi kama unao, hauko peke yako.

Tazama dalili zake:

Kunawa. Kijana ananawa mikono mpaka ngozi inapasuka na kutoa damu, kwa maana anahisi uchafu usiotoka.

Kuhakikisha. Anafunga mlango, anarudi kuutazama, analala, anaamka kuutazama tena, mara kumi au zaidi.

Kuhesabu na kupanga. Anagusa kitu mara nne au mara saba, kwa kuwa anaogopa kwamba asipofanya hivyo mama yake atakufa.

Kurudia maombi. Akikosa neno moja, au wazo baya likipita katikati, anaanza tena tangu mwanzo. Saa nzima imepita, magoti yanamwuma, naye hajafika kwenye Amina.

Kuungama na kuuliza. Anamwendea mchungaji juu ya jambo lile lile kila juma. Anamwuliza mama yake, “Una hakika sikukudhuru?” Mama anajibu, naye baada ya dakika tano anauliza tena.

Kama mambo haya yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanakuzuia kusoma, kufanya kazi na kulala, basi huo ni ugonjwa unaotaka msaada.

Labda mtu atasema, “Lakini hospitali ninyi wenyewe mlitufundisha kunawa!” Ni kweli. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, sote tulinawa kwenye kila mlango, na kunawa kuliokoa watu. Hata leo twawafundisha hivyo. Lakini kunawa kwa afya kuna sababu, tena kuna mwisho. Twanawa kabla ya kula, baada ya kwenda chooni, baada ya kumgusa mgonjwa. Maji na sabuni, sekunde 40 mpaka 60, basi, kazi imekwisha. Kunawa kwa ugonjwa huu hakuna mwisho, kwa maana kunatoka katika hofu, si katika uchafu.

Kwa nini ugonjwa huu hupata nguvu?

Mbwa wa jirani amekuja mlangoni pako analia. Ukimtupia mfupa, atanyamaza. Wewe unafurahi kwa kuwa umepata utulivu. Lakini kesho atarudi, na kesho kutwa atarudi mapema zaidi, naye atalia kwa nguvu zaidi. Wewe mwenyewe umemfundisha njia.

Ndivyo ilivyo kwa mawazo haya. Wazo linakuja, hofu inapanda. Mtu ananawa, au anahesabu, au anarudia sala, na hofu inashuka kwa muda. Ule utulivu mdogo ndio mfupa. Bongo linajifunza kwamba ni tendo lile lililomponya, basi mara ya pili linalidai kwa nguvu. Leo anarudia mara tatu, baada ya mwezi anarudia mara thelathini.

Tena, wazo hupenda kuchagua jambo unalolithamini kuliko yote. Mama anayempenda mtoto wake huogopa kumdhuru mtoto. Kijana anayempenda Mungu huogopa kumtukana Mungu. Basi hofu yako haionyeshi kwamba moyo wako ni mbaya. Inaonyesha jambo unalolipenda.

Je, ni dhambi? Je, ni pepo?

Hapa ndipo vijana wengi wa kanisa huumia. Kijana amesikia juu ya dhambi isiyosamehewa. Neno baya limepita moyoni mwake, naye anasema, “Mimi nimekwisha kupotea.” Hali yeye hakulitaka neno lile, hakulipenda, tena analilia usiku na mchana.

Labda umesikia habari za John Bunyan, mhubiri wa Uingereza aliyeandika kitabu cha safari ya Mkristo aendaye mji wa mbinguni. Kitabu hicho kilitolewa mwaka wa 1678, kikatafsiriwa katika lugha nyingi, hata Kiswahili. Lakini katika kitabu kingine, cha mwaka wa 1666, alisimulia mateso ya ujana wake. Alipenda sana kutazama kengele za kanisa zikipigwa. Siku moja wazo likamjia: je, kengele ikianguka? Akaenda kusimama chini ya boriti. Wazo likasema: je, ikigonga ukuta na kurudi juu yako? Akasimama mlangoni. Wazo likasema: je, mnara wote ukianguka? Akakimbia. Baadaye wazo jingine likamwandama karibu mwaka mzima, hata alipokula, hata alipofanya kazi, likimwambia amwuze Kristo. Alilijibu mara nyingi sana kwa siku, wala halikuondoka. Kisha akaamini kwa muda mrefu kwamba ametenda dhambi isiyosamehewa.

Hakuna daktari aliyempima Bunyan, wala sisi hatuwezi kumwandikia karatasi ya ugonjwa leo. Lakini kijana mwenye ugonjwa huu akisikia habari hizi atajitambua. Naye Bunyan hakupotea. Alipata amani, akahubiri miaka mingi mpaka kufa kwake mwaka wa 1688.

Dhambi ni jambo ambalo mtu analikubali na kulichagua. Wazo linaloingia kwa nguvu, nawe unalichukia, hukulichagua. Mungu aijua tofauti hiyo kuliko sisi.

Na habari za pepo? Kumbukeni ugonjwa wa kifafa. Zamani mtu akianguka, watu walisema ni mashetani au ni uchawi. Leo kila muuguzi ajua kwamba kifafa hutoka katika bongo, na wagonjwa wengi hutulia kwa dawa kama fenobarbitali. Vivyo hivyo ugonjwa wa mawazo yanayolazimisha hutoka katika bongo linalopiga kengele ya hatari hali hatari haipo. Mara nyingine huonekana kwa watu wa jamaa moja, kwa maana sehemu yake hurithiwa. Si laana ya ukoo, kama vile upungufu wa damu wa kurithi si laana.

Basi mtoto asifungwe kwa kamba katika chumba cha maombi. Asipigwe. Asinyimwe chakula ili “pepo atoke.” Tena asiitwe mchawi. Sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamlinda mtoto anayesingiziwa uchawi na kumwadhibu anayemsingizia. Mwombeeni mgonjwa kwa upole, kama mnavyomwombea mwenye malaria, kisha mleteni hospitali, kama mnavyomleta mwenye malaria.

Huzuni nzito

Mtu akipigana na hofu kila siku, nguvu zake zinakwisha. Kwa sababu hiyo wengi wenye ugonjwa wa kwanza hupata na wa pili. Tena wako wanaopata huzuni nzito bila ule wa kwanza.

Kila mtu huhuzunika akifiwa au akishindwa mtihani. Huzuni nzito ni jambo jingine. Inakaa majuma mawili au zaidi, karibu siku nzima, karibu kila siku. Kijana hafurahii tena mpira wala kuimba. Usingizi unampotea, au analala kupita kiasi. Chakula hakina ladha. Anasoma ukurasa mmoja mara tano, wala hakuna kinachobaki. Anajiona hana maana. Tena, kwa vijana huzuni hii mara nyingi huvaa nguo ya hasira: anajibu vibaya, anapiga mlango, anajitenga. Wazazi husema, “Mtoto huyu amekuwa mvivu na mkaidi.” Kumbe ni mgonjwa.

Fungueni kitabu cha Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19. Nabii Eliya alikuwa mtu wa imani kubwa, lakini alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika alimfanyia nini? Hakumpiga wala hakumkemea. Alimwacha alale. Alimpa mkate na maji. Akamwacha alale tena, akampa chakula mara ya pili. Baadaye ndipo Mungu aliposema naye, akampa kazi, na mtu wa kumsaidia, yaani Elisha. Angalieni utaratibu huo: usingizi, chakula, kisha maneno, kazi ndogo na mwenzi. Nasi wauguzi twafuata utaratibu uo huo. Tena Eliya alipewa chakula, hakuamriwa kufunga. Mwenye huzuni nzito aliyekonda asiagizwe kufunga.

Njia ya kupona

Mwaka wa 1966 mtaalamu mmoja wa London, Victor Meyer, alieleza njia mpya ya kuwasaidia wagonjwa wa mawazo yanayolazimisha. Aliwaweka karibu na jambo wanaloliogopa, na kuwazuia wasifanye lile tendo la kujituliza. Hofu ilipanda, kisha ikashuka yenyewe. Njia hii imejaribiwa sana tangu siku zile, na leo ndiyo tiba ya kwanza ya ugonjwa huu. Haitaki chombo cha bei kubwa. Yataka uvumilivu, na mtu wa kukusindikiza. Fanya hivi:

1. Mwambie mtu mmoja unayemwamini: mama, shangazi, mwalimu, muuguzi. Siri ni chakula cha ugonjwa huu.

2. Andika mambo unayoyaogopa kama ngazi, lililo dogo chini, lililo kubwa juu. Usianze juu.

3. Chukua lile dogo. Tuseme unaogopa kushika mpini wa jembe. Ushike, kisha usinawe. Hofu itapanda. Kaa nayo. Tazama saa: dakika kumi, ishirini, arobaini. Itashuka. Rudia kila siku mpaka jambo lile lisikusumbue sana, ndipo upande kipande cha pili cha ngazi. Wakati wa kula ukifika, nawa mara moja kama watu wengine.

4. Katika maombi, omba mara moja tu. Wazo baya likipita katikati, usirudi nyuma. Endelea, sema Amina, simama, ukaendelee na kazi yako. Mungu alikusikia mara ya kwanza.

5. Usishindane na wazo lenyewe, wala usilifukuze, wala usibishane nalo. Ukilifukuza, linakimbia nyuma yako. Liache liwepo, nawe uendelee kupepeta mchele. Kuja kwa wazo hakuko katika uwezo wako. Tendo liko katika uwezo wako.

6. Juu ya huzuni: amka saa ile ile kila siku. Oga. Kula hata kidogo. Tembea na mwenzako jioni. Panga kazi moja ndogo kwa siku, kama kuchota maji au kufagia, uifanye hata usipoitamani. Usingoje moyo upone ndipo ufanye. Fanya, na moyo utafuata polepole. Pombe na bangi huongeza huzuni. Uviache.

Siku nyingine utaanguka na kurudia matendo ya zamani. Usikate tamaa. Anza tena kwenye kipande kile cha ngazi.

Juu ya dawa

Kama ugonjwa ni mkali, daktari aweza kutoa dawa. Zinazojulikana sana ni fluoksetini na klomipramini, nazo zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya la Dunia. Hazipatikani katika kila kituo cha afya, basi uliza hospitali kubwa iliyo karibu. Huko Bukavu na Goma mafrere wa Kikatoliki wameanzisha hospitali za magonjwa ya akili, SOSAME na Tulizo Letu.

Sikieni mambo manne juu ya dawa hizi. Moja, hazifanyi kazi kwa siku moja. Kwa huzuni, ngoja majuma mawili mpaka sita. Kwa mawazo yanayolazimisha, pengine mpaka majuma 12. Mbili, ukipata nafuu usiache ghafula. Daktari ndiye atakayekuambia siku ya kupunguza. Tatu, katika majuma ya kwanza vijana wengine huzidi kufadhaika na kufikiri kifo, kwa hiyo mzazi amwangalie kijana sana. Nne, mzazi ndiye ashike dawa, kwa maana kumeza nyingi pamoja, hasa klomipramini, kwaweza kuua. Usinunue dawa hizi sokoni.

Kumeza dawa si kukosa imani. Mkristo huvaa miwani, naye humshukuru Mungu kwa ajili ya miwani.

Neno kwa wazazi, walimu na wachungaji

Ninyi wazazi, msimcheke kijana, wala msimwambie, “Acha tu!” Kama angeweza kuacha tu, angaliacha zamani. Lakini pia msiwe watumishi wa ugonjwa. Akiuliza mara ya pili, “Una hakika?”, mwambieni kwa upole: “Nilikwisha kukujibu. Hili ni swali la ugonjwa wako, basi tukae pamoja mpaka hofu ishuke.” Patana naye kwanza juu ya jibu hilo, asije akadhani mmemkasirikia.

Nanyi wachungaji, kijana akija kuungama jambo lile lile kila juma, msimpe msamaha mpya kila mara kama kwamba ule wa kwanza haukutosha. Jibuni mara moja, wazi, kisha mtembee naye mpaka hospitali.

Nanyi walimu, mwanafunzi afutaye neno lile lile mpaka karatasi inatoboka si mjinga. Semeni naye mbali na wenzake.

Hatari kubwa

Kijana anayeogopa wazo la kuua au kujiua, analichukia na kuficha kisu kwa hofu, kwa kawaida hatatenda. Lakini kijana anayetamani kufa, au anayegawa vitu vyake, au anayeaga watu, au aliyekwisha kutafuta sumu, yuko katika hatari. Kujiua ni moja ya sababu kubwa za vifo vya vijana duniani. Usipojua tofauti, hesabu kwamba ni hatari.

Mwulize waziwazi: “Mwanangu, unafikiri kujiua?” Swali hilo halimtii wazo moyoni. Mara nyingi linamfungulia mlango wa kulia na kusema. Usimwache peke yake, hata usiku. Ondoa nyumbani dawa ya panya, dawa ya kuua wadudu wa shamba, kamba na vidonge. Mleteni hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku au Jumapili. Hatutamgombeza.

Na wewe kijana unayesoma maneno haya kwa siri, pengine nyuma ya nyumba, ukiogopa mtu asije akaona ukurasa: ugonjwa wako unajulikana, tena una tiba. Watu wengi wamepita njia hii, wakamaliza masomo, wakaoa na kuolewa, wakatumika kanisani. Kama huwezi kusema kwa kinywa, chukua kitabu hiki, weka kidole juu ya mstari unaokuhusu, umwonyeshe muuguzi. Hilo latosha kwa siku ya kwanza.

Bwana akupe amani.

Maswali ya kuulizana

1. Kunawa kwa afya na kunawa kwa hofu hutofautianaje?
2. Kwa nini kujibu swali la mgonjwa mara kumi hakumsaidii?
3. Malaika alimpa Eliya nini kabla ya kumpa kazi?
4. Katika nyumba yako, sumu na dawa zimewekwa wapi?